Rafiki Ana Habari, Mzazi Ana Haki: Wakutanisheni Kabla ya Mafuriko



Hebu nikuulize swali, na ulijibu moyoni kabla hujaendelea kusoma. Yule rafiki yako aliyeko Muscat, Dubai, Riyadh au Doha, yule mnayetumiana vichekesho usiku wa manane, ikitokea leo nchi aliyoko imepigwa na mafuriko au tetemeko na simu yake haiingii, utampigia nani? Sijasema utaweka dua gani kwenye stetasi. Nauliza utampigia nani, na ukiulizwa jina lake kamili la pasipoti utasema nini?

Wengi wetu hapa Kulesa, na Garsen nzima kwa jumla, tunajuana kwa majina ya utani. Mtu umesoma naye darasa moja miaka minane, umekula naye maembe ya watu, umevuka naye mto kwa mtumbwi mmoja, lakini jina lililoandikwa kwenye pasipoti yake hulijui. Siku ya shida, jina la utani halitafuti mtu.

Turudi nyuma kidogo, Aprili 2024. Mwaka ule Idi ilikuwa Jumatano tarehe 10. Waliokuwa Ghuba walituma picha za Idi, wakatuma na kidogo cha nyumbani. Siku nne baadaye, Jumapili tarehe 14, mvua kubwa ikaipiga Oman. Huko Samad al-Shan, mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, maji ya wadi yalibeba gari lililokuwa na wanafunzi. Karibu watu 20 walikufa katika mafuriko yale, na wengi kati yao walikuwa watoto wa shule. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jumanne tarehe 16 ikawa zamu ya Emirati. Mvua iliyonyesha ilikuwa kubwa kuliko zote tangu nchi ile ianze kuweka rekodi mwaka 1949. Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, zilipimwa zaidi ya milimita 250 kwa muda usiotimia siku moja. Uwanja wa ndege wa Dubai ukawa ziwa, na safari zaidi ya 1,000 zikafutwa.

Sasa wewe uliyekuwa hapa, ulifanya nini? Ulitazama simu. Tiki moja. Ukaangalia mara ya mwisho alipokuwa hewani: jana saa tatu usiku. Ukapiga, haiiti. Ukaenda kwenye grupu la darasa kuuliza, na pale watu wanabishana kama mvua ile ni ya kutengenezwa na ndege au vipi. Mwengine anaandika kwamba Dubai imepata adhabu yake. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba kunyunyizia mawingu dawa hakuwezi kuleta mvua ya kiasi kile, lakini nani alikuwa anasoma? Wakati huo kuna mama anazunguka na kitochi chake kutoka nyumba hadi nyumba akiuliza, "Kuna yeyote kati yenu aliyezungumza na mwanangu?"

Halafu haikupita hata wiki mbili, maji yakatugeukia sisi. Mabwawa ya juu yalijaa, Masinga ikamwaga, na Tana ikapanda. Tarehe 28 Aprili boti iliyobeba abiria kutoka Mororo kuelekea Garissa ilizama, na watu wakafa. Barabara ya kwenda Lamu ikafunikwa pale Lango la Simba. Nchi nzima, msimu ule wa mvua uliua zaidi ya watu 250. Ikawa sasa ni zamu ya walioko Muscat na Dubai kutazama tiki moja. Simu zetu zimezimika kwa kukosa umeme wa kuchajia, na yule binti aliyeko jikoni kwa watu hajui kama nyumba ya mama yake bado imesimama ama imeondoka na mto. Je, yule aliyeandika habari za adhabu, alituandikia na sisi vile vile? Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini aliyekufa kwa kuzama anahesabiwa miongoni mwa mashahidi. Basi tuchunge vidole vyetu.

Nimeyakumbusha haya kwa sababu moja. Kuna tofauti kubwa kati ya mafuriko yetu na yale ya kule, na tofauti hiyo inatuhusu. Mto Tana una adabu yake. Ukijaa, habari hutangulia maji. Redioni wanatangaza Masinga imefurika, kisha Garissa wanasema maji yamepanda, na sisi wa huku chini tuna siku kadhaa za kuhamisha watoto, mbuzi na magunia. Wadi ya Oman haina adabu hiyo. Ni kama laga za kwetu upande wa Bangale: asubuhi ni mchanga mkavu, mvua ikinyesha milimani huko mbali, kwa dakika chache tu ni mto unaobeba magari. Tetemeko nalo ndilo halina hodi kabisa. Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, ardhi ilitikisika saa kumi na dakika 17 alfajiri, watu wamelala, na saa zao ni sawa na saa zetu. Uturuki na Syria pamoja walikufa zaidi ya watu 50,000. Vijana wa Kiislamu kutoka Kenya wanasoma Uturuki kwa ufadhili, na huenda unamjua mmoja.

Kwa hivyo ukisubiri mpaka janga litokee ndipo uanze kutafuta nambari, umechelewa. Yanayohitajika siku ile yaandikwe leo.

Na sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika vijiji vyetu, habari za mtu aliyeko ng'ambo ziko kwa rafiki yake, lakini haki ya kuuliza iko kwa mzazi wake. Na hawa wawili hawakutani.

Muulize mama wa binti aliyeko kule, atakwambia, "Yuko Arabuni." Arabuni wapi? "Huko kwa Waarabu." Si kosa lake. Binti hamwambii mamake kila kitu kwa sababu hataki alale na wasiwasi. Lakini wewe rafiki unajua kwamba alihamishwa nyumba kabla ya Ramadhani, sasa yuko Sohar na si Muscat. Unajua madamu anamnyang'anya simu usiku. Unajua ana laini ya pili aliyoificha. Unajua jina la dada wa Kiganda anayefanya kazi nyumba ya jirani. Siku moja alikutumia lokesheni na ukaipuuza, kumbe ile ndiyo habari yenye thamani kuliko zote.

Siku ya janga wewe mwenye habari unakwenda ofisini au unapiga simu ubalozini. Unaulizwa, "Wewe ni nani wake?" Rafiki. "Mlete mzazi." Na wana haki ya kuuliza hivyo, manake kama wangempa kila mtu habari za kila mtu, hata yule mwanamume anayemsumbua binti wa watu angezipata. Basi anakwenda mzazi. Anaulizwa nambari ya pasipoti, jina la mwajiri, mji, ajenti aliyempeleka. Mzazi kimya. Mwenye habari hana mlango, na aliyefunguliwa mlango hana habari. Katikati yao kuna mtu aliye hai ama aliyekufa, na hakuna anayejua.

Tunaweza kuuziba mwanya huu sisi wenyewe, hapa hapa kijijini, bila wafadhili na bila semina ya hoteli. Ni karatasi moja tu. Wiki hii, mtafute rafiki yako akiwa na nafasi, muulize haya, na uyaandike kwa mkono:

1. Jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, na nambari ya pasipoti.
2. Jina la ajenti wa Kenya aliyempeleka, na jina la ofisi iliyompokea kule.
3. Jina la mwajiri wake, yaani kafili, na simu ya nyumba ile kama anayo.
4. Mji, mtaa, na alama ya karibu: msikiti, duka, shule. Kama anaweza, akutumie lokesheni akiwa ndani ya nyumba hiyo.
5. Nambari zake zote, pamoja na ile ya siri.
6. Mtu mmoja aliye karibu naye kule, awe Mkenya, Mganda, Mfilipino, yeyote anayeweza kwenda kumwangalia.
7. Hapa nyumbani, nani aambiwe kwanza.

Hiyo namba 7 usiiruke. Kuna mama mwenye presha. Kuna baba ambaye hazungumzi na bintiye tangu aondoke. Yeye mwenyewe ndiye ajichagulie nani apokee habari zake, nzuri au mbaya.

Nakala ziwe tatu: moja kwa mzazi, moja kwako, na moja ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mtu mmoja wa amana, awe imamu au mzee wa kijiji mnayemwamini. Usiweke karatasi hii kwenye grupu. Usiipige picha ukaituma kwa watu. Nambari ya pasipoti na mahali binti anapolala si mambo ya kutangaza. Akihama nyumba, karatasi ibadilishwe. Na usiulize dini ya mtu. Jirani yetu Mkristo hapa Kulesa ana binti Saudia kama wewe ulivyo na dada Saudia. Bahasha yake ikae pamoja na zetu.

Najua wazee watasema huu ni uchuro, kwamba tunawatabiria watoto wa watu mabaya. Nawaheshimu wazee wangu, lakini nawauliza kwa adabu: wasia tunaoandika tukiwa wazima, ule nao ni uchuro? Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mwenyezi Mungu, alimwambia amfunge kwanza kisha ategemee. Karatasi hii ndiyo kamba ya ngamia. Subira yetu ije baada ya kufunga, isiwe badala ya kufunga.

Siku yenyewe ikifika, Allah atuepushe, kuna mambo madogo yanayosaidia. Usimpigie mara 40. Kila ukipiga unamaliza betri yake, na huenda ndiyo betri ya mwisho. Tuma ujumbe mfupi wa kawaida, maana mara nyingi huo hupita wakati simu ya sauti haipiti na intaneti imelala. Muombe ajibu maneno matatu tu: yuko salama, yuko wapi, na saa ngapi. Kumbukeni Oman na Emirati wako saa moja mbele yetu, kwa hiyo ukiambiwa "saa nne" uliza saa nne ya wapi. Mchague mtu mmoja wa kuwasiliana naye, naye awape habari wengine. Kama siku imepita bila jibu, mzazi na rafiki waende pamoja, na karatasi mkononi. Ubalozi wetu uko Muscat, uko Abu Dhabi, uko Riyadh, na Dubai kuna ubalozi mdogo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana kwa sababu ya vita au majanga, na simu yao ya bure ni 1199. Wengi wetu tunawajua kwa mahema na unga wakati wa mafuriko, hatujui kwamba hata kutafuta mtu ni kazi yao.

Na habari usiyoihakikisha, usiisambaze. Surat al-Hujurat, aya ya sita, imetuamrisha tuichunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Hilo limeteremshwa kwa ajili ya watu kama sisi wenye vidole vyepesi. Sauti ya WhatsApp inayoanza na "nimesikia kuna msichana wa Tana amekufa" inaweza kumuua mama yake kabla hujajua ni msichana gani. Tusimwekee mtu matanga naye yuko juu ya paa la nyumba anasubiri maji yashuke.

Sasa tusiwasahau wale ambao karatasi yao ni ngumu kuliko zote: walioitoroka nyumba ya mwajiri. Yaani amepigwa, ama hajalipwa miezi, akatoka na nguo alizovaa, na sasa analala chumba kimoja na wenzake kumi mtaa fulani. Pasipoti imebaki kwa kafili. Ubalozi anauogopa, polisi anawaogopa. Mtu huyu hayumo kwenye orodha yoyote duniani. Jengo likianguka leo, hata wanaohesabu maiti hawatajua jina lake. Ni rafiki tu anayejua kwamba aliwahi kuwa pale. Kama wewe ndiye rafiki huyo, basi umebeba amana nzito. Usimtangaze, lakini usiache siri yake ife nawe. Andika, funga bahasha, mkabidhi mtu wa amana.

Lakini tusijidanganye pia kwamba bahasha za kijijini zitamaliza kila kitu. Serikali ina deni letu hapa, na ni haki yetu kulidai kwa sauti. Ajenti yeyote anayepeleka watu nje anatakiwa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kwa hiyo makaratasi yapo. Majina yapo. Mikataba ipo mahali, ndani ya kabati la mtu. Swali letu ni hili: kwa nini mama wa Kulesa hana nakala?

Tunadai mambo matatu. Kwanza, familia ipewe nakala ya mkataba kabla mtu hajapanda ndege, na ajenti alazimike kuijulisha familia kila mfanyakazi anapohamishwa nyumba. Pili, wakati wa janga, ubalozi upokee habari kutoka kwa rafiki hata kama hauwezi kumpa habari. Kupokea hakuvunji siri ya mtu. Mwenye lokesheni asifukuzwe mlangoni kwa sababu tu si ndugu wa damu. Tatu, serikali yetu isimame imara juu ya pasipoti na simu. Sheria ya Emirati yenyewe inamkataza mwajiri kushikilia hati za mfanyakazi wa ndani. Tunaomba sheria iliyopo ifuatwe, hatuombi upendeleo. Mtu asiye na simu wala pasipoti wakati wa mafuriko ni mtu aliyezamishwa mara mbili.

Kuna idara nzima ya serikali inayoshughulikia Wakenya walioko nje. Pesa wanazotuma vijana wetu zinahesabiwa kila mwezi na kutangazwa kwenye habari, mpaka shilingi ya mwisho. Kama tunaweza kuhesabu pesa zao, tunaweza kuwahesabu wao.

Kwa wewe unayesoma, nakuomba kitu kidogo leo. Usiishie kubonyeza kidole cha kupenda. Baada ya swala ya Isha, mwandikie rafiki yako mmoja aliyeko mbali, mwambie unataka jina lake la pasipoti na unamweleza sababu. Atacheka, atakuuliza kama unataka kumroga. Mwambie hapana, nataka kujua pa kukutafuta. Kisha kesho nenda nyumbani kwao, kaa na mamake, msome karatasi pamoja. Pengine ndiyo mara ya kwanza mama huyo atajua mtoto wake yuko mji gani.

Na kama wewe ndiye uliyeko kule, unaisoma hii kwa kujificha jikoni kabla madamu hajaamka, basi jua kuna watu huku wanaotaka kujua ulipo. Tuma lokesheni. Sisi nasi tutakutumia habari za mto.

Allah awahifadhi wote walio mbali na nyumbani, awarehemu waliozama, na atufanye tuwe watu wa kuulizana kabla ya msiba. Amin.

Wabillahi tawfiq.